Flashi Iliyotoka Kwenye Pete ya Funguo

Nyumbani kwao Kemirembe, katika kijiji kimoja cha kata ya Kanoni, hakuna aliyehitaji kuuliza mama yuko wapi. Ungesikiliza tu. Mwalimu Adventina alikuwa na funguo saba kwenye pete moja: ya ofisi, ya kabati, ya stoo ya vitabu, na nyingine ambazo hata yeye alikwisha kusahau zinafungua nini. Popote alipokwenda zilimtangulia kwa kelele. Zikilia karibu na jiko, Kemirembe aliongeza kasi ya kumenya ndizi. Zikilia karibu na turubai la kahawa, alikamata reki na kuanza kugeuza kahawa, hata kama dakika moja kabla alikuwa amelala chali akitazama mawingu.

Wakati huo Kemirembe alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba katika shule ileile alikofundisha mama yake. Baba yake alifanya kazi ya ujenzi Muleba na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi walikuwa wawili tu, mama, binti, na kelele za funguo.

Wiki mbili kabla ya mambo haya kutokea, pete ile ilikuwa imepata mgeni wa nane. Ilikuwa flashi, na aliyeichagua ni Kemirembe mwenyewe.

Flashi ya zamani ya mama ilikuwa ndefu kama kidole. Ilichomoza kwenye kompyuta ya shule, na siku moja mwanafunzi aliyeleta madaftari akaigonga kwa kiwiko, ikavunjika shingo. Basi siku ya gulio wakaenda Kayanga, kwenye duka la mama mmoja aitwaye Xaveria, aliyeuza simu, chaja na vifaa vya kompyuta.

"Chagua wewe, Kemi," mama alisema. "Wewe ndiye unayejidai kujua kompyuta."

Kemirembe hakusita. Alionyesha flashi kubwa nyekundu iliyokuwa iking'aa mbele ya zote. Xaveria akacheka.

"Hiyo ni ya kutazama tu, mwanangu. Imeandikwa kwamba inabeba vitu vingi kuliko zote humu dukani, lakini inadanganya. Ukiijaza kidogo inaanza kumeza mafaili, na hutajua mpaka siku unapoyahitaji. Nimeiweka hapo niwaonyeshe watu."

Akatoa mbili nyingine. Moja ilikuwa ya plastiki, ndefu, yenye kifuniko. Ya pili ilikuwa ya chuma kitupu, fupi, haikuzidi ncha ya kidole cha mwisho, na upande mmoja ilikuwa na tundu. Xaveria alichomeka ya plastiki kwenye kompyuta yake na kunakili video moja. Mzee aliyetaka chaja alihudumiwa, akashukuru, akaondoka, na ile plastiki bado ilikuwa inasuasua. Alipochomeka ile ndogo na kunakili video ileile, Kemirembe alihesabu mpaka tisa tu, ikawa imemaliza.

"Hiyo," alisema Kemirembe.

Mama aliishika kwa vidole viwili. "Haka kadogo si katapotea?"

"Ndiyo maana kana tundu," Xaveria alijibu. "Kakiwa kwenye pete ya funguo hakapotei, labda upotee wewe na funguo zako zote. Lakini kakitoka kwenye pete, waitu, ndugu yangu, mimi simo."

Tangu siku hiyo flashi iliishi kati ya ufunguo wa ofisi na ufunguo wa kabati. Ndani yake Mwalimu Adventina aliingiza alama za darasa la saba lote, wanafunzi sitini na mmoja, za miaka mitatu. Zilimchukua jioni kumi na moja. Kompyuta ya shule ilikuwa imeanza kuzimika ovyo, fundi akaja akaifuta yote ndipo ikapona. Karatasi za mitihani zilikwisha kurudishwa kwa wanafunzi, na nyingi zilikwisha kuwashia moto jikoni. Kwa hiyo alama zile zilikuwa mahali pamoja tu duniani, na Jumatatu saa nne afisa elimu wa kata angepita kuzichukua.

Kemirembe aliyajua yote hayo. Tusimsingizie kwamba hakujua.

Siku ya Ijumaa rafiki yake Mackrine alimvuta pembeni. Kaka yake, Melkiory, alikuwa amerudi kutoka chuoni na laptopu yenye nyimbo zote ambazo darasa la saba walizitaka kwa ngoma ya mahafali.

"Lakini betri yake imechoka," Mackrine alisema. "Inakaa dakika kumi, inazima. Nimeazima flashi mbili, zote zinatambaa kama konokono."

"Mimi ninayo yenye kasi," alisema Kemirembe.

"Si ni ya mama yako?"

"Niliichagua mimi."

Maneno hayo yalimpendeza alipoyasema, na usiku kucha akayaona kuwa kweli. Hivyo ndivyo tamaa inavyofanya kazi: kwanza inakupa sababu nzuri.

Jumamosi, baada ya kifungua kinywa cha ndizi na maharage, mama aliingia kibanjani, shamba lao la migomba na mibuni, kuchuma kahawa iliyoiva. Kwa kazi hiyo hakuhitaji funguo, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kemirembe alizigusa. Zikalia. Akazikumbatia kwa viganja vyote viwili, zikalia tena, kidogo, kama zinamsemea. Alijua kwamba akitembea nazo hatua kumi tu, mama angeinua kichwa huko kati ya mibuni na kuita, "Kemi, unakwenda wapi na funguo zangu?"

Basi akafanya jambo moja ambalo baadaye alilikumbuka kuliko yote. Alipenyeza ukucha kwenye pete, akaipanua, akaitoa flashi peke yake. Akaitia kwenye mfuko wa kifuani wa blauzi yake. Funguo zikabaki pale msumarini, kimya, na kwa macho ya haraka zilionekana kamili.

Kwa akina Mackrine mambo yalikwenda vizuri mno. Nyimbo arobaini na tatu zilinakiliwa kabla betri haijazimika, na Melkiory mwenyewe akasema hajaona flashi ndogo yenye mbio namna ile. Kemirembe alirudi kichwa juu.

Njia ya kurudi ilipita uani kwa baba yake mdogo, Projest, na siku hiyo baba mdogo alikuwa anakamua ndizi. Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, miguu imesuguliwa ikatakata, akikanyaga ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi ili zitoe mramba, ile juisi tamu ambayo bado haijachacha. Na sehemu zile mtu hapiti penye ndizi zinazokamuliwa bila kuonja, wala haonji bila kusaidia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati wenyewe. Niletee zile nyasi."

Kemirembe alibeba nyasi kwa kuzikumbatia kifuani, akainama juu ya mtumbwi, akazimwaga. Alirudia mara tatu. Akapewa nusu kibuyu cha mramba, akanywa mpaka pua ikalowa, akaaga.

Alipofika kwao alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Mama alikuwa bado kibanjani. Alimsikia akiimba wimbo wa kwaya kwa mbali. Kemirembe akaingiza vidole mfukoni ili airudishe flashi mahali pake.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Aliupekua tena. Akaugeuza nje. Ulitoka unyasi mmoja, basi. Aliona majina sitini na moja yakifutika moja baada ya jingine. La Mackrine. La Aimable, aliyekuwa akitembea saa nzima kila asubuhi kuja shule na ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kushika namba chini ya pili. Lake mwenyewe.

Alitoka mbio. Njiani alitembea ameinama, akipekua majani makavu ya migomba kwa vidole, lakini majani yalikuwa mengi na kila kokoto lilimdanganya. Kadiri alivyokaribia uani kwa baba mdogo ndivyo alivyozidi kujua. Alikuwa ameinama juu ya ule mtumbwi mara tatu.

Projest alikuwa amekwisha kumaliza. Madumu ya mramba yalikuwa yamepangwa kivulini, na nyasi zilizokamuliwa zilikuwa lundo pembeni. Kemirembe alichuchumaa, akaanza kuzichambua.

"Unatafuta nini, mama?" Projest aliuliza.

"Hereni."

"Hereni? Tangu lini umetoboa masikio?"

Kemirembe aliona uso unamwaka. "Ya Mackrine," akasema. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo nalo lilimwogopesha.

Projest hakubishana. Alikumbatia mzigo wa nyasi zile akaelekea zizini. "Basi chambua haraka. Bihogo amekwisha kumaliza mzigo wa kwanza. Akisikia utamu wa ndizi huyu hatafuni, anameza tu."

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye mimba ya miezi saba, na baba mdogo alimpenda kuliko kitu chochote chenye miguu minne. Kemirembe alimwona akinyoosha shingo. Hapo akakumbuka ng'ombe wa jirani aliyemeza kipande cha waya mwaka uliopita. Alisimama siku tatu bila kula, mgongo umejikunja, machozi yanamtoka, na siku ya nne hakuamka. Kemirembe alikuwa miongoni mwa watoto waliokwenda kutazama.

Projest alishusha mzigo. Bihogo akaingiza mdomo.

"Baba mdogo, mtoe," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama si yake. "Si hereni. Ni flashi ya mama. Ni ya chuma. Niliichukua bila ruhusa, imeanguka kwenye ndizi."

Projest alimpiga Bihogo kofi la puani, akazikokota nyasi zote nje ya zizi. Hakufoka. Aliuliza swali moja tu: "Kubwa kiasi gani?"

Kemirembe alionyesha ncha ya kidole chake cha mwisho. Projest akamtazama ng'ombe wake.

Walizichambua nyasi unyasi mmoja mmoja, zikawagandia vidoleni kwa utamu na nyuki wakaja. Hamna. Walipangusa mtumbwi kwa viganja mpaka kila ufa. Hamna. Projest alimimina mramba kutoka dumu hadi dumu kupitia kitambaa, madumu manne, na kitambaani palibaki mbegu nyeusi tu. Alipomaliza dumu la nne aliweka kitambaa chini. Alikwenda akasimama karibu na Bihogo, akaweka kiganja ubavuni mwake, pale ndama alipokuwa.

Kemirembe alilia bila sauti. Sasa haikuwa alama tu.

Macho yake yaliyojaa machozi yaliangukia kibuyu kilichokatwa kitako, kile kilichotumika kumiminia mramba madumuni. Shingoni mwake kilizibwa kwa nyasi ili kuchuja, na nyasi zile bado zilikuwa zimeshindiliwa mlemle. Hakuna aliyezigusa. Alikinyanyua, akazichomoa kwa vidole. Katikati yake kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kinachonata.

"Baba mdogo," aliita.

Projest alikuja, akaiona, akakaa chini palepale kwenye matope ya ndizi. "Mungu ni mwema," alisema. Kisha akamtazama. "Ungesema ulipofika, tungeanza kwa kumzuia ng'ombe. Umeniambia hereni, mimi nikaenda kumlisha. Unaona uongo mdogo unavyotembea?"

"Ndiyo, baba mdogo. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mama yako utamweleza wewe. Nitakusindikiza hadi kwenye mibuni, lakini sitaingia."

Kemirembe alitarajia kumkuta mama kibanjani. Alimkuta chumbani, amepiga magoti, mkono mmoja chini ya kitanda, mwingine umeshika funguo. Masanduku yalikuwa yamefunguliwa. Mama alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua la kufanya. Kemirembe alikuwa amemwona mama yake akikasirika, akichoka, hata akilia msibani. Hakuwahi kumwona akiogopa.

"Nilizitoa msumarini nikasikia mlio umepungua," mama alisema. "Kemi, flashi sijui nimeiangusha wapi. Sijui nitawaambia nini wazazi wa watoto wale."

Njia nzima Kemirembe alikuwa amepanga maneno. Yote yakamtoka kichwani. Alifungua kiganja tu, akaeleza tangu pete mpaka Bihogo, hata zile hereni mbili za uongo.

Mama alikaa kitandani.

"Umeichomeka popote baada ya kulowa?"

"Hapana."

"Basi umefanya moja la maana leo." Akachukua simu, akampigia Xaveria wa Kayanga. Xaveria alisema isichomekwe wala isisogezwe motoni, sukari itaungua ndani. Ioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mara tatu, ifutwe, iachwe kivulini penye upepo mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo, alisema, ni kuomba.

Basi Jumapili nzima flashi ililala dirishani juu ya kitambaa cheupe, na Kemirembe hakula vizuri. Kanisani mchungaji alihubiri maneno ambayo hakuyasikia. Mchana alikwenda mara tatu kwa baba mdogo kumtazama Bihogo, ingawa alijua hakumeza kitu, na mara zote Bihogo alikuwa anacheua kwa starehe, hana habari.

Jumatatu saa moja kasoro walikuwa ofisini, wawili tu. Mama alizungusha ufunguo, akawasha kompyuta, akampa Kemirembe flashi. "Chomeka wewe."

Vidole vilikosa tundu mara mbili. Kisha ikaingia. Hakukutokea kitu. Kemirembe alishika ukingo wa meza. Alihesabu kama alivyohesabu dukani: saba, nane, tisa. Kumi. Kumi na moja. Mama alifumba macho.

Kwenye kumi na nne, dirisha lilifunguka kwenye kioo cha kompyuta. Mama alibonyeza faili la kwanza, na majina yakashuka yote, na mbele ya kila jina alama za miaka mitatu. Aimable alikuwa namba mbili, mahali pake palepale. Mama alipumua kwa kinywa, akaegemea kiti.

"Na hizi arobaini na tatu ni nini?" aliuliza baada ya kutazama tena.

"Nyimbo za mahafali."

"Zinaimbwa na watu wamevaa nguo?"

"Wengi wao, mama."

Hapo mama alicheka, cheko fupi la mtu aliyechoka, na Kemirembe akalia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mama alimwacha alie. Alinakili alama kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi nyingine aliyoazima kwa mwalimu mkuu, kisha akazichapa kwenye karatasi. Ndipo alipogeuza kiti.

"Nisikilize. Kosa moja ni langu. Kazi ya jioni kumi na moja nimeiweka mahali pamoja tu, mimi mtu mzima. Sitarudia. Kosa lako ni lipi?"

"Kuchukua bila kuomba."

"Kabla ya hapo."

Kemirembe alifikiri. Aliona ukucha wake ukipenyeza kwenye pete. "Niliitoa kwenye funguo ili usisikie."

"Ndiyo. Ungezichukua zote na kelele zake, ningekuuliza, ningekukatalia, au tungekwenda pamoja. Na hata ungeangusha, funguo saba zingelia. Kitu kilichokuwa kinailinda flashi ndicho ulichokitoa kwanza. Mwanangu, ukiona jambo linakutaka ulinyamazishe kwanza ndipo ulifanye, liache. Hilo jambo si zuri, hata kama ni dogo kama ncha ya kidole."

Akairudisha flashi kwenye pete, kati ya ufunguo wa ofisi na wa kabati. Kemirembe alidhani ataziweka mfukoni. Badala yake akamkabidhi.

"Mwezi mzima utazibeba wewe. Asubuhi utafungua ofisi, jioni utafunga. Jioni hii upitie kwa baba yako mdogo, ukamkatie Bihogo majani."

Jioni ile Kemirembe alikwenda kwa baba mdogo, funguo zikiwa zimening'inia kidoleni. Zililia tangu getini mwa shule, zikalia kando ya mibuni, zikalia alipovuka kijito. Projest alizisikia kabla hajamwona, akaita kutoka zizini, "Karibu, Kemi." Naye hakuziminya mkononi. Aliziacha zilie.